Ditekta ililia, gololi ikaishia kwenye kiroba

Kengele ya ditekta, mashine inayotafuta vipande vya metali kwenye unga unaodondoka ndani ya bomba la kinu, ililia, taa nyekundu ikawaka, hesabu kwenye kioo ikapanda kwa moja. Nikafungua pipa la kutupia, nikachekecha unga wote uliokuwamo. Ule mpira wa buluu wa majaribio, wenye gololi ya stenlesi ya milimita 2 ndani yake, haukuwamo. Tuliukuta kwenye kiroba cha tatu cha sembe, cha kilo 25, kikiwa kimeshashonwa.

Dhana: ikilia, imefanya kazi.

Kulia ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kilango kilicho chini ya ditekta kuwahi kugeuka na kuupeleka unga ule kwenye pipa. Mkanda wa kubebea bidhaa una mwendo mmoja, lakini kitu kinachodondoka ndani ya bomba huzidi kwenda kasi kadiri kinavyoshuka. Gololi iliyodondoka mita 1 hupita kwenye ditekta kwa kasi ya kama mita 4.4 kwa sekunde. Kilango kikiwa sentimita 60 chini yake, kina sekunde 0.12 tu za kugeuka. Gololi ikianzia mita 2 juu, muda huo unabaki 0.09. Kwetu ndicho kilichotokea: mafundi waliongeza bomba upande wa juu, kilango wakakiacha palepale. Tulikishusha hadi sentimita 85 chini ya ditekta, na majaribio yakaanza kupita.

Dhana: sumaku tunayo, ditekta ya nini?

Nadhani neno "chuma" ndilo linalotupotosha. Ndani ya ditekta kuna koili (nyaya zilizozungushwa duara) tatu: ya katikati inatoa mawimbi, mbili za pembeni zinayapokea kwa usawa. Metali yoyote ikipita inauvuruga usawa huo, iwe shaba, alumini au stenlesi. Chuma cha kawaida ndicho rahisi kukamata. Stenlesi ya daraja la 304 au 316 ndiyo ngumu, na sumaku kwa kawaida haiishiki, ilhali chekeche nyingi za viwandani zimefumwa kwa waya wa stenlesi. Waya huo nao una hila yake: ukipita umelala upande mmoja unakamatwa, ukilala upande mwingine unaweza kuponyoka. Kwa hiyo ditekta inayokamata gololi ya milimita 2 haijakuhakikishia waya mwembamba, na chekeche iliyochanika lazima itafutwe kwa macho kila siku.

Hata hivyo usiitoe sumaku. Nyundo za kinu zinapolika huacha vumbi la chuma, chembe ndogo mno ambazo ditekta haizioni kabisa. Hizo ni za sumaku, na sumaku isiyofutwa huzirudisha kwenye unga.

Dhana: inalia ovyo, punguza usikivu.

Hili linaniuma, maana nimeona usikivu ukipunguzwa kidogo kidogo mpaka mashine ikawa pambo. Anza na bolti. Fremu ya chuma inayozunguka ditekta hufanya kitanzi ambamo umeme mdogo hupita. Kiungo kimoja kikilegea, kikawa kinagusa na kuachia kwa mtikisiko wa kinu, ditekta inaona kama metali imepita. Kiungo hicho kichomelewe moja kwa moja, au kitengwe kwa plastiki. Kisha angalia bomba linalopita katikati ya ditekta: liwe la plastiki, na nafasi isiyo na metali juu na chini yake iwe kama mtengenezaji alivyoagiza. Plastiki ikisuguliwa na unga mkavu hujaa umeme tuli, kwa hiyo chagua ya aina inayouondoa na uhakikishe waya wa ethi umefungwa. Nyaya za inveta, yaani vifaa vinavyorekebisha mwendo wa mota, ziwe mbali.

Wapo wanaosingizia madini ya chuma yanayoongezwa kwenye unga kwa ajili ya lishe. Sembe yetu huongezewa chumvi yenye chuma, kwa kiasi cha miligramu tu katika kila kilo. Kwenye unga mkavu haiwezi kuwa sababu.

Dhana: jaribio ni kupitisha gololi pembeni, bomba likiwa tupu.

Pembeni karibu na koili ndipo ditekta inaposikia vizuri zaidi. Udhaifu wake uko katikati ya tundu. Idondoshe hapo, kupitia mlango mdogo ulio juu, unga ukiwa unatiririka. Fanya hivyo kwa metali zote tatu: chuma, shaba au alumini, na stenlesi. Kisha funga upepo wa kompresa unaokigeuza kilango, uone: kilango kibaki upande wa kutupia, au mtambo usimame. Kikibaki upande wa viroba, una hatari ambayo hakuna kengele itakayokuambia.

Jaribio likishindwa, viroba vyote vilivyojazwa tangu jaribio la mwisho lililofaulu vinawekwa kando na kupitishwa upya. Kwetu mipira ya majaribio ina namba, na shifti haikabidhiwi mpaka yote mitatu iwe mezani.