Wahadendoa hawakujirusha tu kwenye risasi

Kila muhula nikifika kwenye vita vya Mahdi, kiongozi wa dini aliyeasi utawala wa Wamisri huko Sudan, huulizwa swali lile lile: "Mwalimu, hao Wahadendoa si ndio waliokuwa wakiikimbilia bunduki kwa mikuki, hawajui hata kuogopa?" Wahadendoa ni kabila mojawapo la Wabeja, watu wa mashariki mwa Sudan. Anayeuliza hudhani anawasifu, kumbe anawanyima akili.

Tazama Tamai, karibu na bandari ya Suakin, 13 Machi 1884. Jeshi la Waingereza la Jenerali Graham lilisonga mbele kwa miraba miwili, askari wakiwa wamejipanga pande nne. Watu wa Osman Digna, kamanda wa Mahdi upande huo, hawakusimama uwandani wangojee kupigwa. Walijibanza kwenye korongo la mto mkavu, risasi zisikoweza kuwafikia. Black Watch, kikosi cha Waskoti, walipoamriwa kushambulia, waliacha pengo katika mraba wao, moshi wa baruti ukatanda, na Wahadendoa wakapanda kutoka korongoni wakaingia papo hapo. Hata bunduki za rasharasha za wanamaji waliziteka kwa muda. Huko ni kuijua ardhi na kuusubiri wakati wake. Wiki mbili kabla, pale El Teb, walichimba mahandaki, wakatumia mizinga waliyokuwa wameiteka, na askari wa farasi walipowajia walilala chini, panga zisiwafikie, wakawakata farasi mishipa ya miguu.

Nawasihi wanafunzi wangu: kabla ya kusoma vita vya jangwani, tafuteni makorongo kwenye ramani.

Wala msiniambie kwamba walishinda Tamai. Mraba wa pili, wa Buller, uliendelea kufyatua, na ule uliovunjwa ukajipanga upya. Wahadendoa wapatao 2,000 walikufa siku ile. Waingereza walipoteza watu zaidi kidogo ya 100.

Husikia na madai mengine. "Wabeja ni Waarabu." Sivyo. Lugha yao, Kibedawiye, ni ya Kikushi, jamaa ya Kisomali na Kioromo.

"Wabeja wote walimfuata Mahdi." Osman Digna alipata watu kwa sababu Sheikh Tahir, kiongozi wa tarika ya Majdhubiya, alimuunga mkono. Beni Amer, Wabeja pia, wengi walikuwa wa tarika nyingine, Khatmiya, na hawakumtaka Mahdi. Tena dini haikuwa peke yake: kodi za serikali ya Wamisri na dhuluma katika malipo ya kukodisha ngamia zilikuwa zimeshawachosha.

"Wahamaji hawana ardhi." Hili ndilo wakoloni nao walilishika. Delta ya mto Gash, ambako Wahadendoa walilisha mifugo na kupanda mtama mafuriko yakipungua, ilikabidhiwa kampuni ya pamba ya Kassala miaka ya 1920. Walilalamika hadi kampuni ikaondolewa, na mwaka 1928 serikali ikauchukua mradi na kuitambua haki yao ya kulima pale. Safari hii hapakuwa na mkuki hata mmoja.