Pesa hukatwa inapovuka

Swali ninaloulizwa kila mara na wafanyabiashara wa hapa Busia, mpakani upande wa Uganda, ni benki gani iliyo nzuri. Nimefanya kazi ya benki miaka mingi, kwanza dirishani nikihesabu noti, baadaye kwenye ofisi ya malipo, na sasa nawafundisha wenye maduka na vibanda kusimamia pesa zao. Swali hilo silijibu mpaka mwenyewe aniambie mambo mawili: pesa hii inatoka kwa nani, na kesho inakwenda kwa nani? Pesa iliyotulia haigharimu sana. Inakatwa inapovuka: kutoka kwenye simu kuwa noti, kutoka noti kuingia akaunti, kutoka benki moja kwenda nyingine, kutoka shilingi ya Uganda kuwa ya Kenya. Ukivijua vivuko vyako, jina la benki linakuwa jambo la pili.

Chukua mama anayeuza mukene, yaani dagaa, kwa jumla. Wateja wake wa Tororo na Mbale wanamlipa kwa simu, na jioni ana milioni mbili kwenye laini yake. Anakwenda kwa wakala, anazitoa zote, anavuka barabara na kuziweka kwa wakala wa benki, kwa kuwa anataka pesa zilale benki. Nia yake ni njema kabisa. Lakini serikali inatoza asilimia 0.5 ya kila kinachotolewa kutoka pesa za simu, kwa hiyo kwa milioni mbili shilingi 10,000 zimekwenda, na ada ya mtandao bado sijaihesabu. Akifanya hivyo mara mbili kwa wiki, kwa mwaka ni zaidi ya milioni moja. Hiyo ni karo ya mtoto, imemwagika katikati ya barabara, achilia mbali hatari ya kutembea na bunda la noti gizani.

Tozo hiyo ina historia yake. Ilianza Julai 2018 ikiwa asilimia 1, ikigusa kuweka, kutuma na kutoa. Watu walilalamika sana, na kabla ya mwaka kwisha ikashushwa hadi asilimia 0.5 na kubaki kwenye kutoa peke yake. Hapo ndipo pa kushika: serikali inakutoza unapogeuza pesa ya simu kuwa noti. Mama yule angepiga *165# au *185#, kufuatana na mtandao wake, akahamisha moja kwa moja kutoka kwenye simu hadi akaunti yake ya benki, angelipa ada ya kuhamisha tu. Na siku akihitaji noti, angezitoa benki au kwa wakala wa benki, ambako tozo hiyo haikuwekwa. Bora zaidi ni kutogeuza kabisa. Mwenye lori, mwenye ghala, shule, umeme wa Yaka (ule wa kulipia kabla), hata kodi ya URA, mamlaka ya mapato, ukishapata namba ya malipo, wote hao wanalipika bila noti kugusa mkono wako.

Basi kwa nini tusiache kila kitu kwenye simu? Wengi wanafanya hivyo, na mimi nawakataza. Tarehe 18 Februari 2016, siku ya uchaguzi mkuu, huduma za pesa za simu zilizimwa pamoja na mitandao ya kijamii kwa agizo la mamlaka ya mawasiliano. Aliyekuwa na pesa zote huko hakuweza kununua dawa wala kumlipa boda. Oktoba 2020 ikawa upande wa pili: mfumo uliounganisha benki na mitandao ya simu uliingiliwa, na kwa siku kadhaa njia kati ya simu na benki ikafungwa. Sisemi pesa za simu si salama. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya mwaka 2020 inailazimu kampuni inayotoa huduma hiyo kuziweka pesa za wateja kwenye akaunti ya amana benki, mbali na pesa zake yenyewe. Nasema tu mtaji wote usilale nyumba moja.

Benki nayo ina ahadi yake, na inafaa uijue kwa tarakimu. Mfuko wa Kulinda Amana wa Uganda unamlinda kila mwekaji hadi shilingi milioni 10 katika kila taasisi iliyo chini ya Benki Kuu: benki za biashara, taasisi za mikopo, na zile taasisi ndogo za fedha zilizoruhusiwa kupokea amana. Mwenye milioni 25 katika benki moja ana 10 tu zilizolindwa na mfuko. Akizigawa benki tatu, zote zimelindwa, ingawa atalipa makato ya akaunti tatu. Sacco haimo kwenye mfuko huo. Naipenda Sacco, imejenga nyumba nyingi vijijini kwetu, lakini anayeweka humo mtaji mzima ajue kwamba mfuko hautamfikia. Na benki huanguka. Crane Bank ilikuwa miongoni mwa benki kubwa nchini, ikachukuliwa na Benki Kuu Oktoba 2016, na Januari 2017 amana zake zikahamishiwa benki ya dfcu. Wenye akaunti walizipata pesa zao. Wa benki zilizofungwa mwishoni mwa miaka ya 1990, kama Greenland na ile ya Ushirika, bado wanasimulia usumbufu walioupata.

Sasa akaunti zenyewe. Ya akiba ni ya pesa inayokaa: inapata riba kidogo, haina kitabu cha cheki, na mara nyingi ina mpaka wa kutoa. Ya hundi, ambayo hapa wengi tunaiita karenti, ni ya pesa inayopita: unaweka na kutoa upendavyo, unapewa kitabu cha cheki, unaweza kuomba ovadrafti, yaani kutoa zaidi ya ulichonacho kwa mkopo, lakini kwa kawaida riba huipati na makato ya kila mwezi yapo. Mtu wa mshahara mmoja kwa mwezi haihitaji karenti. Mwenye ghala la mahindi anayelipa wakulima na kuuzia shule anaihitaji. Omba karatasi ya ada kabla ya kusaini, na uliza jambo moja ambalo watu hulisahau: mwezi ambao sikufanya muamala wowote, mtanikata nini?

Kuhusu cheki nataka kusema kwa kirefu, maana hapa ndipo nimeona machozi ya kweli. Mnunuzi anakuja ghalani na stakabadhi yenye muhuri wa benki: cheki ya milioni 6 imewekwa kwenye akaunti yako leo asubuhi. Jina lako lipo, namba ya akaunti ni sahihi, muhuri ni halisi. Unampakilia magunia. Siku mbili baadaye benki inakuarifu kwamba cheki imerudi, akaunti aliyoikatia haina pesa, na lori limeshapita Malaba. Ule muhuri ulithibitisha kwamba benki imepokea karatasi. Haukuthibitisha kwamba kuna pesa. Cheki ya benki nyingine hupitia kwanza mfumo wa Benki Kuu ambamo benki hubadilishana cheki, na mpaka benki ya aliyeiandika iseme ndiyo, zile milioni 6 si zako hata kama umeziona kwenye salio. Muulize keshia kuhusu salio linaloweza kutolewa, si salio lililoandikwa. Mistari miwili sambamba iliyochorwa kwenye cheki nayo iheshimu: inamaanisha ilipwe kwenye akaunti tu, isilipwe taslimu dirishani. Chora mistari hiyo kila unapomwandikia mtu cheki ya mzigo, ili ikipotea aliyeiokota asiigeuze noti.

Kuandika cheki huku ukijua akaunti ni tupu na huna makubaliano na benki ni kosa la jinai Uganda, na habari zake hufika kwenye kumbukumbu za mikopo ambazo benki zote husoma. Ndugu zangu wanaowapa wauzaji cheki za tarehe za mbele kama dhamana, fikirini upya.

Kwa mzigo mkubwa, dai RTGS. Hiyo ni njia ya benki kwa benki inayopita Benki Kuu, malipo moja moja, na ikishapita haina kurudi. Ada yake ni kubwa kuliko ya cheki, lakini unapakia lori ukiwa na amani. Kwa malipo ya simu, usiamini ujumbe mfupi hata ukiwa na jina la mtandao. Piga namba ya huduma uangalie salio mwenyewe, mbele ya mteja, bila aibu. Na unapotuma, jina la mpokeaji huonekana kabla hujaweka namba ya siri. Lisome.

Kwa wanaonunua upande wa Kenya, ada ni nusu ya gharama tu. Nusu nyingine imo kwenye kiwango cha kubadilishia. Uliza mpokeaji atapata shilingi ngapi za Kenya mkononi, kisha linganisha jibu hilo moja kati ya benki, mtandao wa simu na ofisi ya kubadilisha fedha yenye leseni. Benki zetu na za Kenya na Tanzania zimeunganishwa na mfumo wa malipo wa Afrika Mashariki, na pesa zikiwa nyingi huo hushinda kubeba noti mpakani.

Kukitokea makato usiyoyaelewa, andika namba ya muamala, tarehe na saa, peleka malalamiko kwa maandishi kwenye tawi lako, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Miongozo ya kumlinda mteja iliyotolewa na Benki Kuu mwaka 2011 inakupa haki ya kupeleka shauri hilo kwao ikiwa jibu la benki halikukuridhisha, na jambo la kwanza watakalokuomba ni ile nakala.