Je, wajua? Dar es Salaam iliwahi kuwa "mji wazi" vitani

Kwa nini mtu amtangazie adui kwamba mji wake ni "mji wazi", yaani hauna askari wala mizinga? Kwa sababu hiyo ni biashara. Adui anaupata mji bila kupigwa risasi, basi hana haja ya kuubomoa. Paris ilitangazwa hivyo Juni 1940. Tarehe 14 Wajerumani wakaingia na kuukuta mji mzima.

Mkataba wa The Hague wa 1907 unakataza kushambulia mji usiolindwa. Itifaki ya 1977 ya Mikataba ya Geneva iliongeza masharti: wapiganaji wote waondoke na silaha zao, na mji usisaidie vita kwa lolote. Polisi wanaruhusiwa kubaki.

Lakini biashara ni ya watu wawili, na pwani yetu, wakati huo koloni la Wajerumani, iliyaona hayo mwaka 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza. Tarehe 8 Agosti manowari ya Kiingereza, Astraea, iliulenga mizinga mnara wa simu ya upepo wa Dar es Salaam. Gavana wa Kijerumani, Heinrich Schnee, hakutaka miji yake iwe vifusi. Bendera nyeupe ikapandishwa, wakapatana: Wajerumani wasianze uhasama, Waingereza wasipige. Tanga nayo ikapata mapatano kama hayo. Kamanda wa jeshi la Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alichukia sana. London nayo ikakataa kuyaridhia.

Tarehe 2 Novemba, Kapteni Caulfeild wa manowari ya Kiingereza, Fox, alifika Tanga kumweleza mkuu wa wilaya, Auracher, kwamba mapatano yamekwisha na ana saa moja tu ya kusalimu amri. Akamuuliza pia kama bandari imetegwa mabomu, eti ajibiwe ukweli! Kumwonya mwenzako kabla ya kumpiga ni uungwana, sawa, ila onyo hilo lilimpa Lettow-Vorbeck nafasi ya kushusha askari kwa treni kutoka upande wa Moshi. Kikosi cha Waingereza cha watu wapatao 8,000 kutoka India kikashindwa na watu kama 1,000, na tarehe 5 kikarudi melini.

Dar es Salaam haikupona. Mwishoni mwa mwezi huohuo manowari zilirudi kuharibu meli zilizokuwa bandarini. Boti zao zikafyatuliwa risasi, nazo zikaujibu mji kwa mizinga. Jumba la gavana likabomolewa. Baada ya vita Waingereza walilijenga upya palepale, ndiyo Ikulu ya Magogoni.