Mwaka mmoja wa podikasti yetu: Linux, umeme na mega

Podikasti yetu ya mifumo huria ya kompyuta, hasa Linux, mfumo wa bure unaoweza kukaa mahali pa Windows, imetimiza mwaka. Tunairekodi hapa Lubumbashi, Kamalondo, watu wawili na maikrofoni moja, tena usiku, kwa sababu mchana jenereta ya jirani inanguruma na sauti ile haifutiki hata Audacity, programu ya kuhariri sauti, uifanyeje. Hakuna anayetulipa. Mimi natunza seva. Mwenzangu anatengeneza laptopu zilizokwisha tumika Ulaya.

Mabishano ya Debian na Fedora, aina mbili za Linux, yanatuchangamsha sisi wawili tu. Wasikilizaji wanauliza mengine, na linaloongoza ni hili: "Yaya, kura ikikatika katikati ya kazi, ordinatere haitakufa?" Kura ni umeme, ordinatere ni kompyuta.

Jibu linategemea jinsi diski ilivyopangwa. Ukisakinisha Debian, Ubuntu au Linux Mint (zote ni aina za Linux) bila kubadili chochote, diski inapangwa kwa ext4, mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski, uliotoka kwenye majaribio mwaka 2008 pamoja na kerneli, yaani kiini, ya Linux 2.6.28. Ext4 ina jonali, yaani daftari la kumbukumbu. Kabla ya kugusa mpangilio wa mafaili, inaandika kwanza pembeni inachotaka kufanya, kama mama wa duka anavyoandika deni kwenye daftari kabla mteja hajaondoka na unga. Umeme ukikatika, kompyuta ikiwaka tena inaisoma jonali: kilichoandikwa kikamilifu inakimalizia, kilichobaki nusu inakiacha. Kwa hiyo haifi. Ila jonali hiyo, kwa kawaida, inalinda mpangilio tu, yaani majina ya mafaili, ukubwa wao na mahali walipo. Ile aya uliyokuwa unaiandika bila kuihifadhi imekwenda na umeme, na hakuna mfumo utakaokurudishia. Flashi nyingi zimepangwa kwa FAT32, mfumo wa zamani zaidi, ambayo haina jonali kabisa, ndiyo maana mtu akichomoa haraka mafaili yanavurugika. Na FAT32 haipokei faili lolote la kufika GB 4, kwa hiyo ISO (faili la kusakinishia) ya Ubuntu 24.04, yenye karibu GB 6, haiwezi kunakiliwa humo. Wengi hudhani flashi imekufa.

Linalofuata ni kibodi, na hili sijalisikia kwenye podikasti yoyote ya Ulaya. Laptopu zinazofika kwetu zina AZERTY, mpangilio wa herufi wa kibodi za Kifaransa, lakini nyingine ni ya Ufaransa na nyingine ya Ubelgiji, na hazifanani. Kwenye ya Ubelgiji, kitufe cha AltGr (kulia kwa kitufe cha nafasi) pamoja na 2 kinatoa @. Kwenye ya Ufaransa, @ iko kwenye AltGr na 0. Sasa mtu ana kibodi ya Ubelgiji, kisakinishi kinamuuliza lugha, anachagua Kifaransa, kinampa mpangilio wa Ufaransa. Anaweka nywila yenye @. Anaona vidoto tu, hajui kilichoandikwa kweli. Wiki ijayo anarekebisha kibodi, na nywila inakataa, kwa sababu vitufe vilevile sasa vinatoa alama nyingine. Kabla ya kuweka nywila, jaribu alama zako mahali unapoziona kwa macho. Visakinishi vingi vina kisanduku cha kujaribia, na karibu kila mtu anakiruka.

Kuhusu mega, yaani data ya intaneti tunayonunua: tunatoa vipindi kwa Opus, si MP3. Opus ni kodeki ya wazi, yaani njia ya kubana sauti, iliyochapishwa na IETF, shirika la viwango vya intaneti, mwaka 2012 kama RFC 6716, na sauti tunazotumiana kwa WhatsApp ni Opus hiyohiyo. Nusu saa ya MP3 kwa kilobiti 128 kwa sekunde ni MB 28.8. Kwa Opus ya kilobiti 24 ni MB 5.4, na maneno yanasikika vizuri. Kwa mtu anayenunua mega za siku moja, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama atasikiliza au ataacha.

Tangu Microsoft iache kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, wanaouliza wameongezeka. Windows 11 inadai TPM 2.0, chipu ya usalama, na laptopu nyingi zilizo mezani kwa mwenzangu hazina. Zenye RAM ya GB 4 tunaziwekea Linux yenye Xfce, mwonekano mwepesi wa skrini. Za biti 32, yaani zenye prosesa za zamani, zinazidi kuwa shida: Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha mashine hizo.

Mwaka wa pili tunaanza na apt-cacher-ng. Ni programu ndogo inayokaa kwenye kompyuta moja na kusikiliza kwenye mlango (port) namba 3142 wa mtandao. Laptopu ya kwanza ikiomba kifurushi, yaani programu au sasisho, kompyuta hiyo inakipakua kutoka intaneti na kukitunza. Ya pili hadi ya ishirini zinakichukua palepale kwa waya au Wi-Fi, bila mega. Inafaa shule, parokia, hata saiba (duka la intaneti).

Baada ya hapo ni OpenBSD, mfumo mwingine huria usio Linux, ambayo mwenzangu ameidai mwaka mzima. Nimemkubalia nusu saa, si zaidi.