Je, wajua ua linalofunguka kwa saa 24 huchanuaje kwa sekunde 12 kwenye filamu?

Katika filamu nyingi za sayansi kuna tukio linalomfanya mtazamaji asogee karibu na skrini: tumba linatikisika, petali moja inajikunjua, ya pili inafuata, na mara ua zima limefunguka. Wengi hudhani hayo ni michoro ya kompyuta. Mara nyingi ni picha halisi za ua halisi, ila muda ndio uliobanwa.

Siri iko kwenye hesabu ya picha. Filamu ya kawaida ya sinema huonyesha picha mnato 24 kila sekunde, nazo hupita haraka kiasi kwamba tunaona mwendo mmoja usiokatika. Sasa chukua kamera, iache mbele ya tumba, uiamuru ipige picha moja kila baada ya dakika 5. Kwa saa moja utapata picha 12, na kwa siku nzima 288. Zionyeshe kwa kasi ya 24 kwa sekunde, na siku nzima ya ua hilo itapita kwa sekunde 12.

Hesabu ni nyepesi, kazi ndiyo ngumu. Ukipiga picha hizo nje, jua huhama, wingu hupita, upepo huvuma, na filamu itakayotoka itakuwa inamemeteka na kurukaruka. Ndiyo maana kazi hii hufanywa zaidi ndani, madirisha yakiwa yamezibwa. Lakini mmea usiopata mwanga hudhoofika, na ukipata mwanga wa upande mmoja huelemea huko. Basi mafundi huweka taa za aina mbili: za kuukuza mmea, ambazo huzimika kamera inapotaka kupiga, na za kupigia picha, ambazo huwaka kwa muda mfupi tu, kila mara kwa nguvu ileile. Umeme ukikatika kwa saa moja, picha 12 zimepotea, na mtazamaji ataliona ua likiruka ghafla. Hapo huwa hakuna dawa ila kutafuta tumba jingine na kuanza upya. Watu wanaovumilia kazi hii wiki hadi wiki wanastahili heshima kuliko wanayopewa.

Mbinu yenyewe ni ya zamani. Mwanabotania Mjerumani Wilhelm Pfeffer aliitumia kati ya 1898 na 1900 kuchunguza mimea kadhaa, ukiwemo kifauongo, ule mmea unaokunja majani ukiguswa. Mwaka 1910 Mwingereza Percy Smith aliwaonyesha watu wa kawaida maua yakichanua kwenye sinema. Kabla yao, Charles Darwin hakuwa na kamera ya namna hiyo. Alibandika kijiti chembamba cha kioo kwenye mmea, akaweka bamba la kioo mbele yake, kisha akatia nukta penye ncha ilipo, tena na tena kwa saa nyingi. Alipounganisha nukta hizo, alipata ramani ya mwendo wa mmea. Matokeo aliyachapisha mwaka 1880: mimea inayokua huzungusha ncha zake muda wote. Jicho letu halina subira ya kuona hilo. Mharage unaotambaa, kwa mfano, huzungusha ncha yake ukitafuta pa kushika, na hali ya hewa ikiwa ya joto mzunguko mmoja huchukua kama saa mbili. Simu nyingi za sasa zinaweza kupiga picha za mfululizo wa namna hii, kwa hiyo hata mtoto wa shule anaweza kuuona mwendo huo kwa mmea aliouotesha kwenye kopo.

Kuna mambo mengine yanayotushinda kwa sababu ya wepesi wake. Hapo kanuni hugeuzwa: kamera hupiga picha nyingi mno, kisha huonyeshwa polepole. Ulimi wa kinyonga humfikia mdudu kwa muda usiofika sehemu ya kumi ya sekunde. Ukipigwa kwa picha 1,000 kwa sekunde na kuonyeshwa kwa 25, kila kitu hupungua kasi mara 40, na tendo la sehemu ya kumi ya sekunde hujaza sekunde 4 nzima.

Vipimo vya kamera za namna hiyo ndivyo vilivyowaonyesha watafiti kwamba msuli peke yake hauwezi kuurusha ulimi kwa nguvu ile. Ndani yake kuna tabaka za nyuzi zinazovutika, zilizozunguka mfupa mwembamba. Msuli huzivuta kwanza, taratibu, zikahifadhi nguvu kama upinde uliovutwa. Zikiachiwa, ulimi unafyatuka. Na kwa kuwa nguvu imekwisha kuwekwa akiba kwenye nyuzi, baridi ya asubuhi inayolegeza misuli ya kinyonga huupunguzia ulimi kasi kidogo tu. Anaweza kuwinda kabla jua halijampasha mwili, wakati windo lake nalo bado limezubaa kwa baridi.