Wenzetu wawili wana saratani adimu ya jicho: je, ni kazi?

Wafanyakazi wawili wamepata melanoma ya ndani ya jicho, yaani saratani ya seli zinazotengeneza rangi. Si ushahidi tosha?

Ni sababu tosha ya kuchunguza. Katika jamii zenye asili ya Ulaya, ugonjwa huu huwapata takriban watu 5 kwa kila milioni kwa mwaka. Kwa wenye asili ya Afrika ni nadra zaidi. Kwa kiwango hicho cha 5, kiwanda chenye watu 2,000 kwa miaka 20 kingetarajiwa kupata mgonjwa 0.2. Wawili ni mara 10 ya hapo! Lakini ukichukua viwanda 1,000 vya aina hiyo, 17 au 18 vingepata wagonjwa wawili au zaidi kwa bahati mbaya tu. Hesabu peke yake haikamiliki bila kujua walifanya kazi gani.

Uchunguzi unaanzia wapi?

Kwenye mafaili ya hospitali. Watu wakisema "saratani ya jicho" wanaweza kumaanisha melanoma, limfoma (saratani ya seli za kinga), au saratani ya titi iliyosambaa hadi jichoni. Hizo hazijumlishwi pamoja. Msimwondoe mtu kwa sababu hakukatwa kinyama cha kupima: melanoma hii mara nyingi hutambuliwa kwa altrasaundi na picha za ndani ya jicho, basi ombeni hizo. Kisha andikeni, kwa kila mgonjwa, tarehe ya kuajiriwa, idara, kazi za mikono yake na tarehe ya kugunduliwa. Aliyeajiriwa miezi sita tu kabla ya kugunduliwa hakuugua kwa sababu ya kazi hiyo. Uvimbe huchukua miaka kukua.

Hesabu huharibika wapi?

Wastaafu na walioacha kazi husahaulika. Kosa baya zaidi ni kuchora mpaka kuwazunguka wagonjwa: idara na miaka ichaguliwe kabla ya kuhesabu, la sivyo kila kona itaonekana na janga.

Kuna kazi inayojulikana kuwa hatari?

Kuchomelea vyuma. Mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka miale ya urujuanimno ya kuchomelea kwenye kundi la visababishi vilivyothibitishwa. Mwangalieni msaidizi anayeshika chuma bila barakoa ya kuchomelea huku fundi amevaa yake. Huyo akingwe leo, uchunguzi uendelee.

Wengine wapimwe nini?

Anayeona vimulimuli, kivuli pembeni au ukungu aende kwa daktari wa macho. Baadhi ya wagonjwa hawana dalili yoyote, kwa hiyo daktari atie matone ya kupanua mboni. Bila hayo, uvimbe wa pembeni hufichika.