Siku za Kwanza Wodini Baada ya Kurekebishwa Taya

Ndugu wengi wakisikia kwamba taya la mtu wao limekatwa, kinachowajia ni bodaboda. Si ajabu, maana majeruhi wa ajali ni wageni wa kila siku katika wodi za upasuaji wa kinywa na uso. Upasuaji wa kurekebisha taya ni jambo jingine, nalo hupangwa mapema. Mtu ambaye taya lake la chini limetokeza mbele au limerudi nyuma, au ambaye meno yake ya mbele hayakutani hata akiuma, kwa kawaida huvaa waya za kunyoosha meno kwanza, mara nyingi kwa mwaka au zaidi. Kisha mfupa hukatwa, husogezwa mahali pake na kushikizwa kwa vibamba vidogo vya titani na skrubu. Daktari hupitia ndani ya mdomo, kwa hiyo mara nyingi usoni hapabaki kovu la maana. Mbinu inayotumika zaidi kwa taya la chini ina asili katika kazi ya daktari Hugo Obwegeser miaka ya 1950.

Mgonjwa huzinduka kutoka kwenye nusu kaputi akiwa na koo linalowasha, kwa sababu mpira wa kupumulia ulipitishwa puani. Pua imeziba, midomo imekauka, na kuongea ni shida. Mpeni kalamu na daftari, au simu aandike. Kitanda kiinuliwe upande wa kichwani, usiku na mchana. Usiku wa kwanza anaweza kutapika damu nyeusi nyeusi. Hiyo mara nyingi ni damu aliyoimeza wakati wa upasuaji, lakini muuguzi aitwe aione. Aketi, ainame mbele, aiache itoke. Ni majimaji tu na yatapita pembeni mwa meno hata kama taya la juu na la chini zimefungwa pamoja kwa raba. Ili taya ziweze kufunguliwa haraka kukitokea dharura, aliyefungwa kwa raba huwekewa mkasi karibu na kitanda, aliyefungwa kwa waya huwekewa koleo la kuzikatia. Ndugu anayelala naye aonyeshwe kilipo na aelezwe ni wapi pa kukata. Tafadhali msikiondoe kwa sababu meza inahitaji nafasi ya chupa ya chai.

Maumivu, kwa jinsi watu wanavyoyaogopa, mara nyingi hutulizwa vizuri na dawa. Kinachowatisha zaidi ni uvimbe. Huanza saa chache baada ya upasuaji, huongezeka, na hufika kileleni kati ya saa 48 na 72. Maana yake siku ya tatu mgonjwa anaonekana vibaya kuliko siku ya kwanza, na ndiyo siku ambayo shangazi na majirani wanafika kumwona. Tumeshuhudia wageni wakishika mdomo na kuuliza kwa sauti kama madaktari wamemwharibu, yeye akiwa anasikia kila neno. Picha za kurusha kwenye kundi la familia zisubiri. Baada ya hapo uvimbe hupungua siku hadi siku. Sehemu kubwa huisha ndani ya wiki chache, na unaobaki huchukua miezi. Michubuko inaweza kushuka shingoni hadi kifuani ikiwa na rangi ya njano, nayo hutoweka yenyewe.

Barafu husaidia siku mbili za mwanzo. Ifungwe kwenye kitambaa, iwekwe shavuni kwa dakika kama 20, kisha iondolewe. Ngozi hiyo ina ganzi, na mtu mwenye ganzi hajui barafu inapomuunguza. Kwa sababu hiyo hiyo uji wa moto ni hatari, kwani mdomo wa chini hauhisi. Ganzi hutokana na mshipa wa fahamu unaopita ndani ya mfupa wa taya la chini, ambao huvutwa au kubanwa wakati wa kazi. Kwa wengi hisia hurudi polepole, ikianza na kutekenya, katika wiki au miezi. Kwa baadhi hubaki ganzi kidogo kwa kudumu, na hili lizungumzwe kabla ya kusaini fomu.

Sasa chakula. Ndugu huleta uji wa lishe mzito unaosimamisha kijiko, kwa upendo kabisa, na hauingii. Mgonjwa hulishwa kwa bomba kubwa la sindano lisilo na sindano, lenye kimpira laini mbele, kinachopitishwa kati ya shavu na meno hadi nyuma. Kipimo chetu ni chujio la chai: kikipita chenyewe, kinafaa. Supu ya kuku au maharage isagwe kwa blenda na kuchujwa. Uji wa ulezi ulegezwe kwa maziwa. Parachichi lichanganywe na maziwa au mtindi. Apewe kidogo kidogo kila saa mbili hivi, maana akisubiri milo mitatu atapungua uzito haraka. Asinyonye kwa mrija mpaka daktari amruhusu. Kila akila, asukutue taratibu kwa maji ya chumvi au dawa aliyopewa, kisha apige mswaki mdogo wa mtoto.

Atembee mapema, hata kama ni hadi choo na kurudi, ili damu isigande miguuni. Aliyekatwa taya la juu asipenge kamasi kwa takriban wiki mbili, na akitaka kupiga chafya afungue mdomo kadiri raba zinavyomruhusu.

Wengi huruhusiwa kwenda nyumbani baada ya siku moja hadi tatu, wakishaweza kunywa vya kutosha. Mfupa huhitaji takriban wiki sita kushikana, kwa hiyo kutafuna hakurudi mpaka daktari aseme. Kabla ya kuondoka chukueni namba ya simu ya wodi. Pigeni iwapo ana homa, usaha au harufu mbaya mdomoni, uvimbe unaoongezeka tena baada ya kupungua, au meno yaliyokuwa yakikutana yameacha kukutana ghafla. Damu mbichi isiyokoma na kupumua kwa shida havisubiri simu: mleteni mapokezi ya dharura moja kwa moja, mkiwa na ule mkasi au koleo.